Steringi alipokufa kabla ya muvi kuanza

Baba mmoja wa Kinole alimwahidi mwanawe sehemu ya pili ya filamu aliyoipenda utotoni. Filamu ilipowaangusha wote wawili, kilichohitaji kuokolewa hakikuwa filamu tena.

Morogoro. Muvi ilikuwa haijafika katikati kijana wa miaka 13 alipoinuka kwenye mkeka, akachukua tochi na kutoka nje. Hakununa wala hakuaga. Baba yake alibaki peke yake mbele ya runinga, akitazama chombo cha viumbe wa angani kikiyang'oa majengo ya Asia na kuyamwaga juu ya jiji la London.

“Mwenzako mbona katoka?” aliuliza mama wa kijana, aliyekuwa pembeni akichambua mchele.

“Watoto wa siku hizi hawana subira,” alijibu baba.

Halikuwa jibu la kweli, na mwenyewe alilijua hilo. Kijana yule alikuwa na subira ya miezi mitano. Mwezi wa nne, wakati wa masika, walikuwa wameitazama pamoja sehemu ya kwanza. Usiku uleule aliomba ya pili, naye baba akamwekea sharti: amalize kwanza mtihani wa darasa la saba. Kijana akakubali. Akasoma, akafanya mtihani Septemba, kisha akakumbusha deni lake.

Jumamosi moja baba aliteremka Morogoro mjini na mikungu ya ndizi na mdalasini. Alipomaliza biashara katika Soko Kuu la Chifu Kingalu, soko lenye jina la watawala wa Kinole waliosifika kwa kuita mvua, alipitia kwenye duka wanakoweka muvi kwenye flashi. Akarudi mlimani na zawadi mfukoni. Njia nzima alikuwa na furaha kuliko anayepelekewa.

Ndiyo maana kijana alipoondoka na tochi, hakuwa ameiacha muvi tu.

Muvi ya baba

Filamu yenyewe ni Independence Day, ya mwaka 1996. Jina hilo maana yake ni Siku ya Uhuru, yaani Julai 4, sikukuu ya taifa la Marekani. Iliongozwa na Roland Emmerich, mzaliwa wa Ujerumani, ambaye aliiandika pamoja na Dean Devlin. Iligharimu takriban dola milioni 75 na kuingiza zaidi ya dola milioni 800 duniani kote, ikawa filamu iliyoingiza fedha nyingi kuliko zote mwaka huo. Ilipata pia tuzo ya Oscar ya madoido ya picha. Tukio lake maarufu zaidi, la kulipuliwa kwa Ikulu ya Marekani, lilipigwa kwa kutumia jengo la mfano lililotengenezwa na mafundi, kisha likalipuliwa kwelikweli mbele ya kamera.

Baba wa Kinole hakuyajua hayo yote alipoiona mara ya kwanza, miaka miwili hivi baada ya kutoka. Alikuwa na miaka 12. Kaka yake mkubwa, aliyekuwa kidato cha pili, alimchukua kwenda naye mjini kuuza machungwa. Walipomaliza, kaka alilipa viingilio viwili kwenye banda la video lenye benchi za mbao na joto la watu. Wakati huo wapo waliokuwa wakisimulia filamu za kigeni kwa Kiswahili, na jina la Lufufu, yaani Derek Gaspar Mukandala, lilikuja kuwa kubwa katika kazi hiyo. Lakini siku ile hapakuwa na msimuliaji. Muvi ilizungumza Kiingereza mwanzo hadi mwisho, na kaka ndiye aliyemnong'oneza mdogo wake kinachoendelea.

Hadithi yenyewe haikuhitaji tafsiri nyingi. Vyombo vikubwa vinatokea angani na kusimama juu ya miji. Kila kimoja kina upana wa kilomita 24 hivi, kiasi cha kuufunika mji mmoja na viunga vyake. Mtoto aliyeuona mji wa Morogoro kutoka mlimani aliweza kupiga picha kichwani: kivuli kimoja, na mji wote chini yake.

Kisha kulikuwa na watu. Mwanasayansi David Levinson, aliyeigizwa na Jeff Goldblum, anakata tamaa na kuketi sakafuni. Baba yake mzee anamwambia ainuke asije akapata mafua, na hapo ndipo mwana anapopata wazo la kuviambukiza kirusi vyombo vya adui. Rubani wa jeshi Steven Hiller, aliyeigizwa na Will Smith, anapigana huku akimtafuta mchumba wake na mtoto wa kufikia. Na yupo Russell, rubani mlevi wa ndege ya kunyunyizia dawa mashambani, ambaye watoto wake mwenyewe humwonea haya. Mwishoni kombora lake linakwama, naye anaiendesha ndege yake hadi ndani ya silaha ya adui, akiwa ameacha ujumbe kwamba anawapenda watoto wake.

Mtoto wa miaka 12 alilia pale kwenye benchi. Kaka yake akamwinamia na kumwambia asilie, yule rubani karuka na mwavuli, hakuonyeshwa tu.

Steringi hafi, alisema kaka. Watoto wote wa mabanda ya video waliijua kanuni hiyo.

Pesa zaidi, hadithi pungufu

Sehemu ya pili, Independence Day: Resurgence, ilitoka Juni 2016, miaka 20 baada ya ya kwanza. Emmerich ndiye aliyeiongoza tena. Safari hii bajeti ilikuwa takriban dola milioni 165, zaidi ya mara mbili ya ile ya awali. Mapato yalikuwa chini ya dola milioni 390 duniani kote, pungufu ya nusu ya ya kwanza, na hapo bado thamani ya dola ilikuwa imeshuka kwa miaka 20. Kwa kuwa kumbi za sinema hubaki na sehemu kubwa ya fedha za tiketi, mapato hayo hayakuwa ya kujivunia kwa kazi ya gharama ile. Mwisho wa filamu unafungua mlango wa sehemu ya tatu, lakini sehemu hiyo haijatengenezwa.

Kwa kijana wa Kinole, tatizo lilianza dakika za mwanzo. Aliketi akimsubiri Hiller. Badala yake aliona picha ya Hiller ukutani, na DJ anayesimulia kwa Kiswahili akaeleza kwamba shujaa huyo alikufa miaka mingi nyuma akijaribu ndege mpya.

“Steringi kafa hata muvi haijaanza?” aliuliza.

Ukweli ni kwamba Will Smith hakukubali kurudi. Baadaye Emmerich amesema hadharani kwamba Smith alipojitoa, yeye alipaswa kuusimamisha mradi, kwa sababu walikuwa na hadithi bora zaidi iliyobidi kuandikwa upya harakaharaka. Hadithi iliyobaki ina majina ya waandishi watano.

Katika hadithi hiyo, mtoto wa kufikia wa Hiller sasa ni rubani mtu mzima. Anampoteza na mama yake akitazama, jengo la hospitali linapoporomoka. Hilo ni jambo zito kuliko chombo chochote cha angani. Lakini muvi inaligusa haraka na kukimbilia mapigano mengine, kana kwamba msiba ni kituo cha basi.

Ukubwa nao uliharibu. Chombo kimoja cha sehemu ya pili kina upana wa kilomita 4,800 hivi. Kikianzia Dar es Salaam, kingevuka Tanzania, Kongo na Angola, na kipande kikubwa kingebaki juu ya Bahari ya Atlantiki. Ni kikubwa mno hata hakitishi. Kivuli juu ya mji unaoujua kinatisha, ila kivuli juu ya nusu ya dunia mtoto hana pa kukiweka kichwani.

Na lipo jambo moja ambalo mtoto wa Afrika hawezi kulipita. Muvi inasema kuna chombo kilichotua Afrika baada ya vita ya kwanza, katika nchi ya kubuni iitwayo Umbutu, na wenyeji wakapigana na viumbe hao ardhini kwa miaka kumi. Kiongozi wao, Dikembe Umbutu, aliyeigizwa na DeObia Oparei, anapigana kwa mapanga. Kijana wa Kinole aliposikia hivyo alikaa vizuri. Akasubiri kuonyeshwa vita hiyo. Haikuonyeshwa. Miaka kumi ya mapambano ilimalizwa kwa maelezo machache, kisha muvi ikarudi Marekani.

Muda mfupi baadaye ndipo alipochukua tochi.

Si kila sehemu ya pili hushindwa. James Cameron alitengeneza The Terminator mwaka 1984, na ya pili aliyoitoa mwaka 1991 wapo wengi wanaoiona bora kuliko ya kwanza. Wala Independence Day si peke yake iliyoteleza. Pacific Rim ya mwaka 2013 iliingiza takriban dola milioni 411, na ya pili, iliyotoka 2018 ikiwa na mwongozaji mwingine, ikaishia takriban milioni 290.

Wakulima wa ndizi hawahitaji kuelezwa sana jambo hili. Mgomba huzaa mkungu mmoja, ukakatwa, na shamba huendelea kwa machipukizi. Chipukizi likichaguliwa vizuri, likapaliliwa na kuwekewa samadi, mkungu wake unaweza kuupita wa mama. Likiachwa lijiotee kwa jina la mgomba wa zamani, litatoa kilicho tayari kutoka. Sifa za mkungu uliokwisha kuuzwa haziwezi kuwa mbolea.

“Kama ile muvi?”

Usiku ule baba aliitazama muvi hadi mwisho. Asubuhi, wakati wa chai, akaanza kuitetea. Akasema picha zake ni kali, kijana hakuitazama kwa makini, angevumilia angeona mwisho. Alipoona hajibiwi, akasema: “Wewe hujui muvi.”

Kijana akasema, “Sawa, baba.”

Mambo yangeishia hapo, kama yanavyoishia katika nyumba nyingi. Lakini siku chache baadaye baba alikuwa akizungumzia shule ya sekondari. Akamwambia mwanawe kwamba akifaulu, huko aendako kuzuri: walimu wapo, maabara ipo, atapata marafiki, atapapenda.

“Kama ile muvi?” aliuliza kijana.

Hakuuliza kwa ujeuri. Aliuliza kama mtu anayetaka kujua bei kabla ya kununua. Mama yake aliinua macho kutoka kwenye sufuria, akamtazama mumewe, asiseme neno.

Hapo baba alielewa alichokuwa amekiuza kwa bei ya muvi moja. Mtoto anayemaliza darasa la saba yuko karibu kuanza safari ambayo sehemu kubwa yake ataiendea kwa neno la wazazi tu. Hajaiona shule, hajaliona bweni, hajui kozi, hajui kazi. Anaambiwa ni kuzuri, naye anakwenda. Neno hilo likishapoteza uzito, kulirudishia uzito wake ni kazi ya muda mrefu.

Kosa halikuwa kumletea mtoto muvi mbaya. Hakuna mzazi anayejua kila kilichomo kwenye flashi. Kosa lilikuwa kwamba baba naye aliiona mbaya, tangu lile swali la steringi, akakataa kusema.

Njiani kutoka shambani

Walizungumza siku ya tatu, wakishuka kutoka shambani, kila mmoja na mkungu begani. Njia za milima ya Uluguru zina faida moja kwa mazungumzo magumu: ni nyembamba, watu hutembea wakifuatana, hakuna anayelazimika kumtazama mwenzake usoni.

“Ile muvi,” alisema baba, “hata mimi sikuipenda.”

Kijana alipiga hatua kadhaa kabla ya kujibu. “Mbona hukusema?”

Baba alichukua muda. Kisha akamweleza habari ya banda la video, benchi za mbao, machungwa yaliyouzwa na viingilio viwili. Kijana alikuwa akijua kwamba jina lake ni la baba yake mkubwa, aliyefariki yeye akiwa hajazaliwa. Hakuwa akijua kwamba baba mkubwa ndiye aliyemtafsiria baba muvi ile neno kwa neno, na kwamba alipoona mdogo wake analia alimdanganya kuwa rubani Russell aliruka na mwavuli.

“Niliamini mpaka mwaka huu,” alisema baba. “Mpaka tulipoiangalia na wewe mwezi wa nne, DJ akasema kafa.”

“Ndiyo maana siku ile ulitoka nje?”

“Ndiyo.”

Baba akasema kwamba alidhani sehemu ya pili ingemrudishia usiku ule wa mjini. Aliitafuta kwa ajili ya mwanawe, lakini kwa kiasi kikubwa aliitafuta kwa ajili yake mwenyewe. Ilipomwangusha, kukiri kwamba ni mbaya kulimwia vigumu, kana kwamba angekuwa anamsema vibaya kaka yake.

Kijana hakuwa na la kusema juu ya hilo, na hakuna aliyemtaka aseme. Walipofika chini akauliza kama baba mkubwa alikuwa anajua Kiingereza vizuri au alikuwa anabuni tu. Baba akacheka. Alikuwa anabuni karibu nusu nzima.

Nafasi ya mzazi

Filamu zitaendelea kuja, na nyingi zitakuwa sehemu ya pili, ya tatu na ya saba, kwa sababu jina linalojulikana ni rahisi kulitangaza kuliko jina jipya. Watoto watazisubiri, na baadhi zitawaangusha. Kwa mtu mzima hilo ni jambo dogo. Kwa mtoto aliyehesabu miezi, huenda ndiyo mara ya kwanza kugundua kwamba kitu kinaweza kutangazwa sana, kugharimu sana, na bado kisiwe kizuri. Ni somo lenye faida maisha yote, iwapo aliye karibu naye halifuti kwa kumwambia hajui anachokiona.

Kwanza ni kumwacha mtoto aseme. Kijana wa Kinole alikuwa na sababu zake zote: steringi hayupo, msiba umepitiwa mbio, vita ya Afrika imesimuliwa badala ya kuonyeshwa. Hizo ni hoja za mtu aliyetazama kwa makini kuliko baba yake alivyodhani. Mzazi anayeuliza “nini hakikukufurahisha?” humzoesha mtoto kutoa hoja badala ya kusema “mbaya tu”. Mazoea hayo yatamfaa darasani, dukani, na siku atakapoletewa mkataba autie sahihi.

Pili ni kusema ukweli kuhusu hisia ya mzazi mwenyewe. Mzazi hapungukiwi heshima kwa kusema “nami sikuipenda” au “nilikosea kuisifu kabla sijaiona”. Kinachompunguzia heshima ni kusifia jambo ambalo mtoto ameliona kwa macho yake si hivyo. Mtoto hatalalamika. Ataweka akiba ya shaka, na siku moja ataitoa kwa swali fupi mezani.

Tatu ni kutofautisha ahadi. Mzazi anaweza kuahidi kuileta muvi, kukaa pamoja, kutochelewa. Hawezi kuahidi kwamba itapendeza. Ndivyo ilivyo kwa shule pia: inawezekana kuahidi sare, daftari na nauli, na kumtembelea siku fulani, bila kuahidi kwamba mtoto atapapenda kila siku. Ahadi inayohusu vitendo vya mzazi hutimizika. Ile inayohusu furaha ya mtoto haiko mikononi mwa mtu.

Lipo pia suala la umri. Filamu zote mbili zina alama ya Marekani inayotahadharisha wazazi wa watoto walio chini ya miaka 13, kwa sababu ya vita, vifo na maiti za viumbe. Hapa nchini, Bodi ya Filamu Tanzania ndiyo yenye kazi ya kupanga filamu kwa madaraja ya umri, lakini muvi iliyowekwa kwenye flashi mara nyingi hufika nyumbani bila alama yoyote. Mzazi anayeitazama kidogo kabla ya kuwakusanya watoto, hasa wadogo, atakuwa amejiepusha na mengi. Angalau atajua mapema kama steringi yupo.

Sehemu ya pili ya Kinole

Wiki iliyofuata mvua za vuli zilianza, na watoto wa jirani wakakusanyika barazani kama kawaida yao. Kusimulia muvi ni mchezo wa zamani kwa watoto wa Tanzania: mmoja aliyeiona huwapa wasioiona, kwa midundo ya ngumi, milio ya risasi na muziki wa mdomoni. Safari hii msimuliaji alikuwa kijana wa miaka 13, na alikuwa akisimulia sehemu ya pili.

Haikuwa ile ya Emmerich. Katika muvi hii chombo cha angani kilitua Uluguru, si Umbutu, na hakikuwa kikubwa kuliko bara zima. Kilikuwa na ukubwa wa kutosha kufunika Kinole na mashamba yake. Viumbe walishuka na gari lao la kivita, wakaifuata barabara ya kuelekea Mkuyuni, na kwa kuwa ilikuwa masika gari likazama kwenye tope. Wakawaomba wanakijiji wawasukume. Wanakijiji wakataka kwanza walipwe. Watoto walicheka hadi wakagongana vichwa.

Vita ilichukua miaka kumi, na kila mwaka ulisimuliwa. Mapanga yalikuwapo. Rubani wa ndege ya kunyunyizia dawa alikuwapo, ingawa hakuna aliyeeleza alikuwa ananyunyizia nini mlimani. Kisha akatokea Hiller, mzima, akiwa na vumbi usoni.

“Si ulisema kafa?” aliuliza mdogo wake wa kike, mwenye miaka minane.

“Walidhani kafa. Aliruka na mwavuli.”

“Mbona hawakuonyesha?”

“Steringi hafi,” alisema kijana, na kuendelea.

Baba alikuwa dirishani, ndani, akifunga mdalasini wa kupeleka sokoni. Aliacha kufunga. Mke wake alimuuliza kama anataka chai, akasema ndiyo, lakini alipoletewa hakuinywa mpaka vita ilipomalizika.

Matokeo ya darasa la saba yalikuwa bado. Jioni ile, watoto walipotawanyika, kijana aliingia ndani na kuuliza kuhusu ile shule. Baba alimwambia anachokijua: maabara ipo, walimu wa sayansi ni wachache, bwenini kuna baridi, na yeye mwenyewe hajawahi kufika.

“Basi twende tukaione kwanza,” alisema kijana.

Wakakubaliana waende Jumamosi, kama mvua ingewaruhusu kupita.